Kiti cha Heshima cha Mzee Maeng

Bi. Pyo aliijua nyumba hiyo kuliko mwenye nyumba. Mumewe Bwana Namgung, msomi wa mji wa Andong, alijua tu kwamba chumba chake cha wageni kilikaa mbele kwa majivuno, na wanawake walikaa nyuma ya ukuta wasionekane. Hakuwahi kujiuliza joto la sakafu yake linatoka wapi. Lilitoka nyuma, likipita chini ya mawe ya sakafu, na mdomo wa tanuri ulikuwa upande wa wanawake.

Asubuhi moja ya baridi kali alikuja Mzee Maeng, hakimu mstaafu aliyekwisha kuzika wake wawili na meno yake karibu yote, kumposa binti yao Sukyeong, aliyemfaa kuwa mjukuu. Bwana Namgung alikuwa tayari kukubali, maana ukoo wa Maeng ulikuwa na jina. Bi. Pyo hakuulizwa. Basi akamtuma mtumishi kuchota maji ili abaki peke yake, akakunja mikono ya nguo, akaanza kusokomeza kuni tanurini.

Mgeni wa heshima huketishwa pale sakafu ilipo karibu na moto, na akishaketi hasogei, asije akaonekana anamdharau mwenyeji. Mwenyeji naye hathubutu kumwambia asogee, maana atakuwa amemshusha hadhi. Bi. Pyo aliutegemea upumbavu huo wa kiungwana. Alitaka mzee aungue makalio mpaka aage kabla neno halijatolewa.

Alipotega sikio ukutani, karatasi iliyotandikwa juu ya mawe ya sakafu ilikwisha kuanza kunuka. Mumewe alikuwa akikohoa kwa wasiwasi, lakini Mzee Maeng ndiyo kwanza anaguna kwa raha.

"Kwangu wakaza wana wananigandisha," mzee alisema. "Aliyewasha moto huu ndiye nimtakaye. Ni nani?"

"Ni binti yangu," Bwana Namgung akadanganya, hata mate hakumeza.

Kuni za Bi. Pyo mwenyewe zilikuwa zinamwoza mwanawe. Hakungoja tena. Alipita mlango wa kati, ambao mwanamke wa nyumba kama ile hapiti kukiwa na mgeni hata paa likiwaka, akaingia chumbani na masizi usoni.

"Ni mimi," alisema. "Tena nilitaka uungue, babu. Kama unamtaka mwasha moto, basi niombe mimi kwa mume wangu huyu hapa."

Mzee Maeng akainuka. Alisema nyumba ambayo wanawake wanavuka ukuta yeye haoi humo, akatoka na doa la kahawia la kuungua nyuma ya joho lake jeupe.

Bwana Namgung akamgeukia mkewe. "Kesho Andong nzima itajua. Nani atakuja kuposa hapa tena, mke wangu?"

"Sijui," alisema Bi. Pyo. "Lakini safari hii utaniuliza."

Kisha akaketi chini, akalia kwa furaha, na mumewe akabaki hajui pa kutazama.