Saini Mbili za Maji

Fundi cherehani na wifi yake, mjane wa marehemu kaka yake, walikuwa hawasemeshani tangu mazishi, ingawa nyumba zao zilikuwa kwenye kiwanja kimoja. Asubuhi moja kila mmoja alikwenda halmashauri kivyake kuomba kuunganishiwa maji, wakakutana dirishani.

"Kiwanja kimoja, ada moja, maji na majitaka," karani aliwaambia. "Ila mtie saini nyote wawili."

Mjane alishika kalamu, mkono ukasita. "Wifi, siku hizi siuoni mstari."

Fundi aliushika mkono ule, akauongoza taratibu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikiliza?"

Fundi alitia saini yake chini ya ile. Walirudi nyumbani wameshikana mikono, wakibishana bomba likae karibu na mlango wa nani.