Boma Lisilokuwa na Mtu wa Kuingia

Kabla hujapiga vigelegele kwamba mumeo au mwanao amepewa filimbi ya kuongoza watu kwenye moto, kaa kitako umuulize lile swali ambalo Nyanchera alimuuliza mumewe. Na akikujibu harakaharaka, kama Nyanchera alivyojibiwa, usimwachie hapo. Mshikilie mpaka ajibu vizuri.

Nyanchera alikuwa mke wa Machogu, wakikaa mlimani juu ya soko la Keumbu, nchi ya Wagusii. Machogu alirudi kutoka vita vya Burma na koti la jeshi, goti bovu na ujuzi mmoja: kule alisimamia kikosi cha kuzima moto kwenye maghala ya risasi. Basi kiangazi kimoja, miaka ya hamsini imeanza, nyumba za nyasi zikawa zinaungua moja baada ya nyingine, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Chifu akamwita akamwambia, "Sajini, kazi hii ni yako." Akampa filimbi na ruhusa ya kumwamrisha mtu yeyote siku ya hatari, hata mzee kuliko yeye.

Machogu akaishika kazi kwa mikono miwili. Aliwafundisha vijana kupanga mstari kutoka kijitoni na kupokezana madebe ya maji. Aliwafundisha kuvuta nyasi za paa kwa miti mirefu yenye kulabu, moto usije ukarukia nyumba ya pili. Alitaka kila boma liwe na magunia ya kulowesha. Yeye mwenyewe hakubeba debe. Alisimama mahali palipoinuka, peke yake, akitazama upepo unaelekea wapi, paa linalegea upande gani, nani amechoka na nani yuko karibu mno.

Hapo ndipo moyo wa Nyanchera ulipoanza kukosa raha. Moto ukiisha, wanaume walikaa pamoja nyasini wakitaniana, nyuso nyeusi kwa masizi, wakipitishiana uji. Machogu alikuwa bado anazunguka majivu kwa goti lake bovu. Akiwakaribia, sauti zinashuka. Njiani watoto walikuwa wakimwona wanapiga kelele, "Machogu huyo. Nani anaungua leo?" na wake za watu wakitazama mapaa yao kwanza kabla ya kumwamkia. Nyumbani alikula kimya. Nyanchera akimuuliza habari za huko, anasema, "Tulizima." Basi. Hata walipokosa kuzima, na mzee mmoja akafa, alisema hivyohivyo, "Tulizima," akaenda kukaa nje kwenye gogo mpaka baridi ikamrudisha ndani.

Kulikuwa na shida moja iliyomsumbua kuliko maji. Kwa Wagusii, baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hata mawe ya mvua yanyeshe, atasimama nje. Mke wa mwanawe naye hamtazami baba mkwe usoni. Aibu hiyo, chinsoni, haimshiki baba mzazi peke yake. Inawashika ndugu zake pia, na wote wanaohesabiwa kuwa baba wa mwenye nyumba. Kwa hiyo siku moja moto uliwaka kwa watu, wanaume wakafika mbio na madebe yamejaa, wakasimama mlangoni wakitazamana. Huyu ni baba kwa mwenye nyumba, yule pia ni baba. Mwanamke aliyekuwa ndani alipona kwa sababu tu alitambaa akatoka mwenyewe.

Machogu alilifikiria jambo hilo mpaka akapata njia. Kila boma litakuwa na mtu wake wa kuingia: mtu asiyefungwa na aibu na wenye nyumba hiyo. Babu na mjukuu hawaoneani aibu, kwa hiyo wengine walikuwa wajukuu, wengine ni watu wa ukoo mwingine kabisa. Maji yasubiri, kulabu zisubiri, lakini huyo akisikia filimbi fupifupi, anaingia bila kuuliza.

Walipangana kwenye baraza la duka la Farah, Msomali aliyeuza sukari na mafuta ya taa pale Keumbu na ndiye aliyewapa madebe. Nyanchera alikuwepo, amekuja kununua chumvi.

"Mimi hapa sina aibu na mtu," Farah akasema. "Nipeni maboma yote."

"Wewe Farah?" Omwenga akamjibu. Huyu Omwenga alikuwa jirani yao wa ukoo mwingine, mkono wa kulia wa Machogu. "Ukipanda mlima huu na tumbo hilo, utafika nyumba imeshajengwa upya."

Wakacheka. Machogu akaendelea kutaja maboma, na kila mtu akaitikia lake kwa mdomo wake. Walipomaliza wakaanza kuinuka. Ndipo Nyanchera akauliza kutoka pale dirishani.

"Na kwetu je, Baba Obadiah? Wa kwetu ni nani?"

"Kwangu niko mimi," Machogu akasema, anafunga koti.

Na kila mtu akaona ni sawa. Mkubwa wa kuokoa ana haja gani ya kuokolewa? Nyanchera mwenyewe aliona kuna kitu hakikukaa vizuri, lakini wanaume walikuwa wameshasimama na Farah anamnyooshea chumvi, akanyamaza.

Wakati huo mwana wao Obadiah alikuwa bado hajaoa. Mwaka uliofuata akaoa Abigael, akajenga nyumba yake upande wa chini wa boma, akaenda Kericho kwenye mashamba ya chai. Abigael akajifungua mtoto wa kiume. Lile swali likabaki palepale dirishani kwa Farah, hakuna aliyelirudia.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya soko, mchana. Mlima wote ulikuwa umeshuka Keumbu. Machogu alibaki makusudi. Siku za soko yeye ndiye aliyelinda, ananoa kulabu zake uani. Abigael alikuwa ndani kwake na kichanga, bado hajapata nguvu tangu ajifungue, na kwa baridi ya kule moto ulikuwa haukatiki pale alipolala. Nyanchera aliona maji yamemwishia, akachukua mtungi akateremka kijitoni.

Alikuwa ameinama anateka aliposikia filimbi. Ndefu kwanza, ile ya kuita watu. Akainua macho, akaona moshi umesimama juu ya boma lake. Kisha zikaja zile fupifupi, za kumwita mtu wa kuingia.

Aliacha mtungi akapanda. Mlima ule ni mkali, na miguu ya mwanamke mtu mzima ni miguu tu. Kutoka chini aliona yote, kama mtu aliyewekwa makusudi mahali pa kutazamia. Aliona cheche zimeshika paa la nyumba ya Obadiah. Aliona Machogu amesimama mbele ya mlango, gunia lililoloweshwa begani, filimbi mdomoni. Anapuliza fupifupi, anageuka kutazama njia, anapuliza tena. Njiani hapakuwa na mtu. Alikuwa anaita mtu ambaye hakuwahi kumchagua.

"Abigael, toka," akaita.

Ndani mtoto alilia. Abigael hakujibu.

"Ingia," Nyanchera akasema huku anapanda, ingawa hakuna aliyemsikia. "Ingia, baba wewe." Na moyo wake huohuo ulikuwa unasema, akiingia imekwisha.

Machogu akaitoa filimbi mdomoni. Akajifunika gunia kichwani mpaka machoni, akaingia.

Alitoka na mtoto kwanza, akamlaza nyasini. Akarudi. Alipotoka mara ya pili alikuwa anamburuta Abigael kwa mabega, na Abigael alikuwa kama alivyokuwa amelala, nusu uchi, ametapakaa masizi, anakohoa. Alipofumbua macho akaona ni nani aliyemshika. Machogu alimtupia gunia, akageuka upesi akatazama migomba. Alisimama hivyo, amewapa mgongo, mpaka paa likaanguka na Nyanchera akafika.

Watu walipopanda kutoka sokoni walikuta nyumba ni duara la majivu. Hakuna aliyemlaumu. Omwenga alimshika bega akasema, "Umewatoa wazima, sajini," na Machogu akasema, "Ndiyo." Wazee wakaagiza mbuzi wa kuiondoa aibu achinjwe, maneno yanayotakiwa yakasemwa, wakatangaza jambo limekwisha. Lakini Abigael alikuwa hawezi kukatiza uani. Akisikia kikohozi cha baba mkwe anajificha nyuma ya ghala na mtoto mgongoni, na Machogu akawa anakohoa kutoka mbali makusudi ili ampe nafasi, na baadaye akawa anazunguka nje ya ua kabisa, kwenye boma lake mwenyewe.

Obadiah alipofika kutoka Kericho, hakwenda kwa baba yake. Alimkuta mama yake akichambua mboga jikoni.

"Mama, tunahamia Nyacheki. Nimepewa shamba huko na mjomba."

"Mwanangu, mbuzi alichinjwa."

"Najua. Nami sina hasira na mzee. Bila yeye ningekuwa nimewazika wote wawili. Lakini Abigael hali chakula hapa, Mama. Maziwa yanakauka. Anasema kila akimwona mzee anajiona yuko vile tena."

"Utamuaga?"

"Nitamuaga kwa nje." Kisha akauliza, polepole kabisa, kama mtu anayeuliza njia, "Alikuwa na mtu kwa kila boma. Wa kwetu alikuwa nani?"

Nyanchera aliendelea kuchambua mboga.

Waliondoka asubuhi. Abigael alimshika mama mkwe mikono yote miwili. Machogu alikuwa amesimama kule juu, mahali pake pa kusimamia, anatazama mizigo inavyoteremka mpaka ikapotea kwenye kona.

Mvua zikapita, nyasi zikaota juu ya lile duara. Siku moja Machogu akaja na Omwenga nyuma yake, wakasimama uani.

"Mama Obadiah," akasema, "tumekubaliana. Wa kuingia hapa kwetu, kuanzia leo, ni Omwenga."

Nyanchera alimtazama, akalitazama boma. Lilikuwa limebaki na nyumba moja.

"Aingie amtoe nani?"

Omwenga akatazama miguu yake. Machogu alikuwa anaizungusha filimbi kwenye kamba yake, anaizungusha tu. Huenda angejibu. Lakini yowe likasikika kutoka mlima wa pili, wa watu wengine, na moshi mwembamba ukapanda. Wanaume wale wawili wakakimbia, mmoja anachechemea mbele.

Nyanchera akakifunika chakula cha mumewe, akakaa mlangoni.