Uzi wa Mikebe Minne

Khubaib alikoroga unga wa ngano jikoni mpaka ukawa gundi, akaupoza, kisha akabandika karatasi ya shashi kwenye njiti za makuti, kuunda tiara ya kurusha angani. Alikuwa fundi cherehani wa Mji wa Kale, mtu wa maneno machache. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kuzungumza na mwanawe Kamaludin jambo refu isipokuwa tiara. Hapo walielewana. Kijana aliongoza tiara ukingoni mwa sakafu ya juu ya nyumba, baba akiachia uzi nyuma yake kutoka kwenye mikebe minne ya maziwa. Mvuto mmoja, ngoja. Mivuto mitatu mifupi, nipe uzi.

Miezi kumi na minne iliyopita Kamaludin alikwenda Makadara kununua mkate wa mofa, amevaa shati la kijani aliloshonewa na babake. Wanaume wanne wakashuka kwenye gari lisilo nambari, wakamtia ndani. Watu wengi waliona. Hakuna aliyeulizwa. Khubaib alizunguka vituoni kwa polisi, hospitalini, hata chumba cha maiti, na jina la mwanawe halikupatikana ila katika kitabu cha waliopotea, alikoliandikisha yeye mwenyewe.

Ijumaa moja baada ya sala ya alasiri alipanda sakafuni, akairusha ile tiara waliyokuwa wameiacha nusu, aliyoimaliza peke yake. Alipofika mkebe wa nne, uzi ulivutwa kutoka juu, mara tatu. Khubaib akaachia. Tiara ikaingia winguni, na kabla ya magharibi ikarudi na mkia mpya wa kitambaa cha kijani, umepindwa vizuri pande zote mbili.

"Mkia mzito huu," alisema, akaurudisha kesho yake. Ukashuka umepunguzwa.

Mkewe Mwanaesha alikuwa akianua nguo.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Yuwala nini huko juu?" Akafunga mahamri mawili ndani ya leso. Leso ikarudi tupu, imekunjwa ovyo, kama ilivyokuwa desturi ya Kamaludin.

Basi ikawa hivyo kila siku. Majirani waliinama kuupisha uzi, wakamtumia kijana salamu. Khubaib alitaka njiti nene. Huko juu zikabadilishwa nyembamba, na tiara ikapaa kwa utulivu ambao hakuwahi kuuona. Siku hiyo alisema jambo ambalo kijana alipokuwa nyumbani halikumtoka kinywani: "Kweli, mwanangu. Wewe wajua kunishinda."

Mara moja tu alifunga barua: Uko wapi? Uzi ukalegea siku tatu. Hakuandika tena.

Mwezi wa pili wa kuvutana uzi akauchukua ule mkia mpaka kituoni kuonyesha kwamba mwanawe yupo, Mwanaesha akafuatana naye. Karani Dancan, kijana wa bara mwenye adabu zake, aliupima kwa rula.

"Anavuta kila siku, mzee?"

"Kila siku, ila kukinyesha, na siku tatu nilipomuuliza yuko wapi."

"Basi hajapotea. Aliyepotea havuti uzi." Akafungua kitabu. "Nikiandika kwamba ni yeye, jalada nalifunga, na hakuna atakayemtafuta. Ukiniambia ni upepo tu, naliacha wazi."

"Mlikuwa mkimtafuta?"

"Lilikuwa wazi," Dancan alisema.

Mwanaesha akamvuta mumewe kanzu. "Sema ni upepo, baba Kamaludin. Mungu atakusamehe."

Khubaib aliuvingirisha mkia kidoleni. Alikuwa na udhu, hakutaka kuuchafua kwa uongo. Zaidi ya hayo, pindo lile alilifundisha mwenyewe, jioni nyingi, mtoto akiwa bado hafikii pedali ya cherehani.

"Upepo haujui kushona pindo," alisema. "Ni mwanangu."

Dancan akaandika, akagonga muhuri, akampa nakala. "Msalimie," alisema, naye alimaanisha.

Mwanaesha alitangulia kutoka. Mlangoni walimkuta Mejumaa, mama mmoja wa mtaa wa Tudor, amepakata kofia ya mwanawe, aliyechukuliwa naye vilevile. Ilikuwa imepanda asubuhi ile na ndoo ya kisima, imefuliwa, bado majimaji.

"Wamekwambiaje, kaka?"

"Kuwa hajapotea."

Mejumaa akaitazama kofia, akamtazama Mwanaesha, ambaye alikuwa amegeukia ukutani.

"Na wewe wafurahi?"

"Nimesema kweli," Khubaib alijibu.

Ndani Dancan aliita anayefuata. Mejumaa aliikunja kofia mara mbili, akaingia.