Picha Juu ya Kitanda

Mwaka 1959, Mzungu mmoja wa Chake Chake alipohamishwa, vyombo vyake viliuzwa mnadani. Hamad, karani wa Tibirinzi, alirudi nyumbani na picha ya kioo: mwanamume na mwanamke wa ngano za Wayunani wamekaa msituni, mabega wazi, mkono wa mwanamke shingoni mwa mpenziwe. Mkewe, Siti, aliziba uso kwa upindo wa kanga.

"Mama yako akiiona?"

"Chumba chetu hiki," alijibu Hamad, akapigilia msumari juu ya kitanda.

Siti akaizoea. Alikuwa mjamzito, baada ya mimba mbili kuharibika, na mchana akijinyoosha alijiuliza wale wawili walikuwa wakila nini huko msituni.

Alishikwa na uchungu siku mbili. Mtoto wa kiume akazaliwa amekufa, akazikwa kabla ya adhuhuri.

Alasiri, mbele ya wanawake waliokuja kumpa pole, mama mkwe wake, Bi Kijakazi, aliikodolea macho ile picha.

"Malaika wa rehema hawaingii penye uchafu huu. Ndiyo maana, Siti! Unalala chini ya watu uchi, halafu unataka mtoto?"

Hamad alikuwa mlangoni. Siti alimtazama, akangoja. Hamad aliinamisha kichwa, akaitungua picha, akaenda kuivunja uani.

"Yamekwisha, mama," alisema, basi.

Siti alirudi kwao Kiuyu. Baada ya arubaini Hamad alimfuata, na halua mkononi.

"Twende nyumbani, Siti."

"Nitakwenda. Kwanza kamwambie mama yako nani aliyeileta ile picha."

"Mama mtu mzima. Ya nini kuyafukua?"

"Tibirinzi nzima wanasema nimemuua mwanangu. Neno moja tu, Hamad."

Hamad aliivua kofia, akaizungusha mikononi, akaivaa tena. Jua halijazama alikuwa keshaondoka.

Wiki ya pili ikaja barua, kwa mwandiko mzuri wa karani. Bakar, kakake Siti, ndiye aliyeisoma.

"Talaka moja," alisema taratibu. "Ndani ya eda anaweza kukurejea, dada."

"Hawezi," alisema Siti. "Neno moja tu limemshinda."

Aliichukua ile karatasi, akaikunja mara nne, akaingia ndani kukaa eda yake.