Notisi Iliyotumbukia Sandukuni

Kengele alikuwa mpeleka barua, na jina hilo alilipata kwa baiskeli yake, iliyosikika kabla hajakata kona. Sasa meneja kaamua baiskeli zote zipigwe mnada kesho, barua zipelekwe kwa miguu. Kwa miguu! Na goti lile la Kengele, likipanda ngazi tatu tu linalia kama mlango mbovu.

Basi asubuhi wafanyakazi wa posta wakagoma. Wakakaa juu ya magunia ya barua, mikono kifuani. Kumbe mgomo wenyewe bado haujawa mgomo: notisi lazima imfikie meneja kabla ofisi haijafungwa, la sivyo wao ni watoro tu, na baiskeli ndiyo kwaheri. Na notisi iko wapi? Shemeji yake Kengele, muuza stempu na katibu wa chama cha wafanyakazi, kaiandika vizuri, kaibandika stempu, kisha kaitumbukiza kwenye sanduku la barua pale mlangoni.

"Shemeji, meneja si yuko hapo juu tu?" Kengele akamuuliza.

"Mkono umezoea, shemeji. Nifanyeje?"

"Andika nyingine."

"Mwenyekiti aliyetia sahihi kasafiri."

"Basi tufungue sanduku."

"Atakayegusa barua leo kafanya kazi. Msaliti huyo!"

Meneja akachungulia kutoka ghorofani, kikombe mkononi. "Jamani, notisi yenu naisubiri!" Akacheka mpaka chai ikammwagikia.

Kengele akalisugua goti lake, akawaza.

"Cheka tu, bosi. Sanduku limefurika, na wewe kuchambua barua hujui."

"Mimi? Mimi nilianzia meza hiyohiyo!"

"Watu wanasema ulizaliwa na kiti chako."

Weee! Meneja akashuka mbio, akavua koti, akafungua sanduku, akazimwaga barua mezani. Mikono ikaruka: ya hospitali huku, ya shule kule, kila moja kwenye kishubaka chake. "Mnaona? Mnaona?" Wagomaji wakamshangilia kama mpirani. Bahasha moja akaitupia jicho, "Meneja wa Posta," akaisukumiza kwenye kishubaka chake mwenyewe bila hata kupunguza mwendo.

Shemeji mtu akainuka taratibu, akaonyesha ukutani. Pale palikuwa na tangazo alilobandika meneja mwenyewe, alipochoshwa na wateja wanaodai barua zao hazikufika: ILIYOTIWA KISHUBAKANI IMEPOKELEWA.

Meneja akalisoma. Akakitazama kishubaka. Akavaa koti, ndani nje.

"Mnada nimeusimamisha," akasema. "Njooni ofisini tuzungumze."

"Shuka wewe, bosi," Kengele akamjibu. "Goti langu na ngazi hawasalimiani."