Abla Rosebellah na Mikebe ya Al-Safa

Rosebellah alipofika Jeddah mwaka 2014 kufanya kazi za nyumbani, kitu cha kwanza kumshangaza katika nyumba ya kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, mtaani Al-Safa kilikuwa pipa la taka. Nyumba ilikuwa ya watu saba, na kwa joto lile kila mmoja alikunywa soda ya mkebe mara mbili au tatu kwa siku. Ijumaa, jamaa wakija kula chakula cha mchana, pipa lilifurika. Mikebe yote ilifungwa kwenye mifuko myeusi pamoja na mifupa ya kuku na makombo ya wali, ikaenda kufukiwa nje ya mji.

Kwao Kakamega hakuna aliyetupa mkebe. Baba yake, Mzee Laban, alikuwa fundi wa jua kali aliyeyeyusha alumini na kuimimina kwenye kalibu za mchanga, akatoa sufuria na vifuniko. Rosebellah alikulia kando ya tanuri hilo. Tangu utotoni alijua kutenga alumini na bati kwa sumaku, na alijua kwamba mkebe wenye maji ndani hauingii motoni, kwa sababu alumini iliyoyeyuka ikikutana na maji hurukia watu.

Basi akaanza kuitenga mikebe ya pale nyumbani. Aliisuuza kwa maji yaliyobaki baada ya kuosha vyombo, akaianika juu ya paa, akaikanyaga ikawa bapa, akaitia kwenye gunia tupu la mchele. Kaka yake Hezron, aliyekuwa dereva kule Riyadh, hakupendezwa alipoelezwa kwa simu. Alisema Ijumaa akienda mtaa wa Batha kukutana na Wakenya wenzake, wanaookota mikebe barabarani ni watu waliokwama, wengine hata ikama, kibali cha kuishi nchini, hawana, na hakutaka dada yake ahesabiwe pamoja nao.

"Ulitoka nyumbani kuja kufanya kazi, Rose, si kuwa chokoraa," alimwambia.

Neno hilo lilimuuma siku nzima. Lakini gunia hakulitupa.

Mwezi wa tatu madam aligundua. Madam Hanan, bibi wa nyumba ile, alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya wasichana isiyo mbali na pale, mwanamke wa maneno machache ambaye kila kitu chake kilikaa mahali pake. Alipanda juu kutazama tangi la maji, akakuta magunia manne yameegemezwa ukutani. Akamwita Rosebellah na kumuuliza kwa nini anaficha taka juu ya nyumba ya watu. Rosebellah akamwambia si taka. Madam akafungua gunia moja akitarajia harufu na sisimizi, akakuta mikebe misafi, mikavu, iliyopangwa kama sahani. Hata hivyo akasema halas, imetosha, jioni magunia yasiwepo.

"Nitayatoa, madam. Lakini naomba kwanza nikuonyeshe kitu kimoja."

Akashuka hadi chumbani kwake akarudi na sufuria yake ya ugali, ile nzito aliyokuja nayo kwenye begi, akaiweka juu ya ukuta mfupi wa paa. Kwa Kiarabu chake cha jikoni, na Kiingereza pale Kiarabu kilipomwishia, akaeleza kwamba sufuria ile ilikuwa mikebe kama hii. Ikitoboka itayeyushwa tena, na alumini yake itabaki ile ile. Debe moja la makaa lilimtosha baba yake kwa kazi ya asubuhi nzima. Hakuwahi kuhitaji mtu achimbe mlima.

Madam aliigeuza sufuria, akaigonga kwa ukucha, akaisikiliza. Alasiri hiyo alikaa na kompyuta yake mezani, na Rosebellah alipompelekea chai akamwambia aketi. Alikuwa amesoma kwamba kutengeneza alumini kutokana na mikebe ya zamani kunatumia karibu sehemu moja tu kati ya ishirini ya nishati inayotumika kuitoa kwenye udongo mwekundu unaochimbwa ardhini. Na hapa kwao, madam alisema kana kwamba anajisemea, umeme unatoka kwenye mafuta na gesi inayochomwa.

"Magunia yabaki," akasema. "Na wiki ijayo utakuja nami shuleni, uwaeleze wanafunzi wangu ulivyonieleza mimi."

Rosebellah alikuwa hajasimama mbele ya darasa tangu amalize kidato cha nne. Aliipiga pasi abaya yake mara mbili. Wasichana thelathini na wanne walimtazama akiingia nyuma ya madam, na wawili wa mbele wakanong'ona kitu kuhusu mtumishi wa nyumbani, wakacheka. Alisikia. Akaweka mezani mkebe wa soda na kopo la nyanya, akampa sumaku yule aliyecheka zaidi, akamwomba ajaribu. Kopo la nyanya likanata, mkebe ukakataa. Akamuuliza ni kwa nini. Msichana akaugeuza mkebe, akampa mwenzake.

Kicheko kikaisha hapo. Akawaeleza tofauti ya bati na alumini, na kwa nini yadi za vyuma chakavu huzitenganisha. Akawauliza mkebe unaweza kuyeyushwa mara ngapi. Mmoja akasema mara moja, mwingine mara kumi.

"Mafi mwisho," alisema Rosebellah, akichanganya "hakuna" ya Kiarabu na Kiswahili chake, na darasa likacheka tena, safari hii pamoja naye.

Madam akaandika ubaoni kwamba umeme unaookolewa na mkebe mmoja unaweza kuwasha televisheni kwa muda wa saa tatu hivi. Rosebellah akaongeza kwamba mkebe uliotupwa jangwani hauozi. Wajukuu wao wataukuta. Ndipo msichana wa nyuma akainua mkono.

"Abla," akasema, jina wanalowaita walimu wao wa kike, "na mkebe ulioungua kwenye moto wa pikiniki?"

Rosebellah akamgeukia madam ili ajibu. Madam akatikisa kichwa. Msichana alikuwa anamtazama Rosebellah.

"Huo pia unafaa," Rosebellah akajibu, na sauti yake ikatoka imara kuliko alivyotarajia.

Mkuu wa shule, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, alimuuliza baadaye amesomea wapi mambo haya.

"Kakamega," akamjibu bila kuinamisha uso. "Kwa baba yangu."

Alipompigia Mzee Laban, mzee alimwomba arudie habari nzima kwa sauti kubwa, mama yake naye asikie. Hezron aliposimuliwa kwa simu aliuliza kama kweli walimwita mwalimu. Ijumaa iliyofuata aliweka pipa la mikebe kwenye makazi ya madereva wenzake, na ikasemekana huko Riyadh kwamba dada yake anafundisha Jeddah, habari ambayo Hezron hakujisumbua kuirekebisha.

Shuleni yaliwekwa mapipa mawili kila ghorofa. Mwisho wa muhula lori la yadi ya vyuma lilikuja, na madam akamchukua Rosebellah akashuhudie. Wapakiaji walipanga magunia hadi juu ya mbao za ubavuni. Wasichana wakajazana madirishani wakipunga mikono na kumwita kwa jina. Rosebellah aliwapungia, akasimama pale langoni hadi lori lilipokata kona. Kisha madam akamkumbusha kwamba wana wageni usiku, wakarudi nyumbani kupika.