Kanda na Kadi ya Sauti

Kiwandani waliniita Kanda. Kila meneja mpya alipokana ahadi ya aliyemtangulia, wenzangu walinisimamisha niitoe kichwani: mlango wa nyuma hautafungwa kwa kufuli wakati watu wako kazini. Miaka tisa nimeisema, pamoja na jinsi nilivyosimama nikauliza hadi meneja akababaika. Shule sikumaliza, lakini kichwa changu hakisahau, hasa nikionewa.

Meneja wa sasa kaufunga tena, naye anataka ushahidi. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, akakumbuka kuwa mkutano ule ulirekodiwa, nao umo kwenye kompyuta kuukuu ya chama chetu cha wafanyakazi, ile iliyo bubu tangu ilipobadilishiwa mfumo. Waliotengeneza kadi yake ya sauti wameshaitelekeza. Shemeji akapata draiva, programu ya kuiamsha kadi hiyo, iliyoandikwa na watu baki wanaohurumia mashine za zamani. Akina mama wa ushonaji wakamzunguka kama bwana harusi. Mke wangu, mshonaji mwenzao, akampa chai kabla hajanipa mimi.

"Pumzika baba," mshonaji mmoja akanitania. "Umepata mwenzio asiyekohoa."

Nikaona wivu. Shemeji alipotoka kutafuta spika, kioo kikauliza: mwenye programu hii hajulikani, uendelee? Nikabonyeza Ghairi. Aliporudi nikamwambia mashine imekataa.

Aliing'oa draiva ya zamani, akazima, akawasha, akaweka mpya, na safari hii hakubanduka kitini. Onyo lilipotokea, alibonyeza Endelea huku ananitazama mimi.

Spika ikakwaruza. Kisha meneja yule wa zamani akaahidi, neno kwa neno kama nilivyomhifadhi. Nilivimba kichwa.

"Rudisha nyuma kidogo," nikasema, "wasikie na swali langu."

Akarudisha. Swali lilikuja kwa sauti ya mwanamke, kavu, isiyotetemeka. Pembeni yake mwanamume alikuwa anakohoa. Kikohozi kile nilikijua.

Wote wakamgeukia mke wangu. Alikuwa anakusanya vikombe.

"Miaka tisa, mama watoto," nikamwambia. "Mbona hukunisahihisha?"

"Ningepenya wapi, mume wangu? Ulikuwa huachi nafasi."

Jumatatu aliingia yeye kwa meneja kuuliza upya. Mimi nilibeba spika. Kufuli lilitoka kabla ya zamu ya mchana, na hadi leo wakisimulia habari ile, wananiruka.